Mwaka Tuliotoboa Paa la Zahanati

Kwenye msiba wa Mama Shija alisimama kijana mmoja mwenye suti, akasoma wasifu wa marehemu, na mimi nikakasirika mpaka jirani yangu akanigusa goti nitulie. Kijana alisoma vizuri, simlaumu. Alitaja shule alizopita mama yule, vituo vya kazi, watoto, wajukuu, vitukuu, jumuiya aliyosali, ugonjwa uliomwondoa. Lakini alipofika kwenye miaka ile ya upande wa Kishapu akasema tu, "Alihudumu pia katika zahanati ya kijiji," akageuza karatasi. Basi. Alihudumu pia. Nilitaka kunyanyuka niseme jambo, ila mimi mbele za watu ulimi huwa mzito, na kwa umri huu nikikasirika sauti hukatika, watu wakadhani nalia. Nikala wali wa msiba, nikarudi zangu nyumbani Shinyanga, na hasira nikarudi nayo. Ndiyo maana naandika. Sitaanza na nilikozaliwa wala baba yangu alikuwa nani, maana wanaoanzia huko huchoka kabla hawajafika wanakokwenda. Nataka mjue mwaka mmoja tu.

Naanza na lori la pamba lililonishusha kijijini jua likiwa kali, mimi na sanduku langu la vifaa: randa, misumeno, patasi, keke ya kutobolea, na nyundo niliyoipenda kuliko shati langu. Nilikuwa kijana, seremala niliyemaliza kujifunza kazi si zamani, na nilijiona fundi kwelikweli. Nilikuwa nimeitwa kutengeneza mabenchi na milango ya zahanati. Jengo lenyewe halikujengwa liwe zahanati. Lilikuwa ghala na ofisi ya kununulia pamba, la mawe, kuta nene, madirisha madogo yaliyowekwa juu kabisa, na paa la zege lililo bapa kama meza, likizungukwa na ukuta mfupi usiofika magotini. Biashara ya pamba ilipohamia kwingine kijiji kikaliomba. Kulikuwa na chumba cha mbele cha wagonjwa, stoo niliyopewa mimi nilale, na katikati kabisa chumba kisicho na dirisha hata moja, kilichokuwa cha kufungia mali wakati wa msimu wa pamba. Hicho ndicho kilichogeuzwa kuwa chumba cha kujifungulia. Ukiingia mchana ukafunga mlango, huoni kidole chako.

Mama Shija, nesi mkunga, alinipokea kwa kunikagua. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba. Ndiye wewe fundi? Mbona mwembamba hivyo, ukipiga randa si utajiranda na wewe?" Akacheka mwenyewe, cheko la kusikika mpaka kisimani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti kubwa, kitenge amekifunga juu ya sare ya kazi, na alitembea kwa haraka hata alipokuwa hana pa kwenda. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo, na sitamsingizia sifa hiyo kwa kuwa amekufa. Alijisifu. Alisema, "Mimi nikizalisha, mtoto hutoka anasalimia." Aligombana na mwenyekiti wa kijiji, aligombana na wenye mbuzi, aligombana na mimi kuhusu urefu wa mabenchi siku ya kwanza tu. Lakini nililala ukuta mmoja na chumba chake cha kazi, nikasikia asiyojua kwamba nayasikia. Niliisikia sauti ile kubwa ikishuka ikawa ndogo, ikimwambia mwanamke mwenye uchungu, "Nipo. Siendi popote. Nishike mkono, uvunje ukitaka." Siku nyingine nilipeleka ubao mlangoni nikamkuta anamalizia kumshona mama aliyechanika, tochi ameibana kati ya shavu na bega, shingo imepinda, jasho linamtiririka. Mafuta ya taa hayakupatikana mwaka ule, karabai ilining'inia msumarini bure. Betri za tochi aliziweka juani zipate nguvu kidogo. Nikamwuliza anaonaje. "Sioni," akasema. "Napapasa."

Siku chache baada ya hapo akaja bwana mmoja kutoka mjini kukagua. Alikuwa mtu wa heshima, hakugomba. Aliingia kile chumba, akatoka, akapangusa miwani, akasema kwamba kumshona mtu gizani ni hatari na yeye hawezi kuiruhusu. Kabla ya mvua kuanza angerudi. Akikuta chumba hakina mwanga wa kutosha, kujifungulia pale kungekoma, kina mama wote wapelekwe mjini. Mama Shija akamwuliza, "Mvua zikinyesha mto unajaa, barabara inakatika. Watapitaje?" Yule bwana akasema analijua hilo, akasikitika, akapanda gari lake. Nakumbuka nilikuwa naranda mguu wa benchi, nikaacha. Pale barazani alikuwa ameketi msichana aitwaye Nyanzobe, mke wa kijana mmoja aliyekuwa amekwenda kutafuta dhahabu upande wa Geita. Alikuwa na mimba, na kwa hesabu ya Mama Shija angejifungua mvua zikianza. Mimba yake ya kwanza, mwaka uliotangulia, kabla Mama Shija hajahamia pale, walimpeleka mjini kwa mkokoteni wa ng'ombe, yeye na mama mkwe wake. Wakafika mtoni maji yamejaa. Mtoto alizaliwa ukingoni, juu ya mkokoteni, akafa palepale. Nyanzobe aliyasikia maneno ya yule bwana yote. Alijifunika kanga kichwani akaondoka.

Mtu wa leo ataniuliza, kwa nini msitoboe dirisha ukutani? Na mimi niliuliza hivyo hivyo, nikachekwa. Chumba kilizungukwa na vyumba pande mbili, na pande mbili nyingine ni uwanja walikokaa watu wanaosubiri: waume, wajomba, baba wakwe na mikongojo yao. Mwanamke wa Kisukuma azae, na baba mkwe wake yuko nje ya dirisha? Afadhali azalie shambani. Hata dirisha la juu sana hawakulitaka, kwa sababu sauti ingetoka, na pale mama akilia kwa uchungu hataki mkwe asikie. Mama Shija akazunguka jengo siku nzima, mikono kiunoni, halafu akanijia kwenye vumbi langu la mbao. "Fundi Luhende. Juu hakuna baba mkwe." Nikamwambia mama, juu ni zege. Akasema, "Zege si lilimwagwa na watu? Basi watu watalitoboa." Mimi nilikuwa sijawahi kuona dirisha la paani tangu nizaliwe. Yeye alikuwa ameliona moja, hospitali alikosomea, na alinichorea mchangani kwa kijiti: tundu, juu yake fremu ya mbao, juu ya fremu kioo. Nikatazama ule mchoro nikaona unawezekana. Ndivyo alivyokuwa, alikuwa akikuambia jambo unaliona linawezekana, na kwa hilo nilimpenda na ninampenda mpaka leo.

Tatizo likawa kwamba juu hakukuwa na baba mkwe, lakini kulikuwa na michembe. Kwetu viazi vitamu hukatwa vipande vikaanikwa vikauka kabisa, hiyo ndiyo michembe, na mwaka wa njaa ndiyo inayokuvusha. Na kijiji kizima hakikuwa na mahali pa kuanikia kama lile paa: safi, moto, mbuzi hawafiki. Wanawake walikuwa wameweka ngazi ukutani na kuligawana, kila nyumba na upande wake, na mkubwa wao alikuwa Bibi Holo, mama mkwe wa yule Nyanzobe. Bibi Holo alikuwa mjane, mwenye ng'ombe wachache na mkokoteni, mfupi, mwenye ulimi mkali kuliko patasi yangu. Kwake ndiko nilikokula. Nyanzobe aliniletea ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde makavu, yaliyoungwa kwa karanga, na jioni michembe iliyochemshwa na chai isiyo na sukari. Mchana nilipojilaza stooni niliwasikia wanawake juu ya kichwa changu wakitembea na kugeuza viazi na kunisema. Mmoja akasema fundi anakula sana kwa mtu mwembamba. Bibi Holo akajibu, "Mwacheni ale, huyo chakula kinakwenda kwenye masikio. Anatusikiliza sasa hivi." Wakacheka mpaka vumbi likaniangukia. Nilipotoka nje nikawasalimia kama sijasikia kitu, nao wakaitikia kwa adabu kubwa.

Mama Shija akawaita wanawake wale wote paani, tukakaa kwenye mikeka katikati ya viazi, na mazungumzo yakachukua alasiri nzima. Naweza kuwahesabia yaliyosemwa. Walisema fremu ikiwa ndefu itakula nafasi na kuweka kivuli juu ya michembe, na kitu kikianikwa kivulini kinaota ukungu. Walisema watoto watachungulia. Mmoja akauliza je, mwenye kugeuza viazi akitazama chini bahati mbaya akamwona mwenzake? Wakakubaliana kuwa mwanamke akiwa ndani, hakuna kupanda paani. Mimi nikataka fremu iwe ndefu ili mtu asijikwae akatumbukia. Bibi Holo akataka iwe fupi, isizidi kigoda, ili wapate na pa kukalia wakimenya. Tukajadili vumbi, tukajadili mbuzi wanaoweza kupanda ngazi, tukajadili kunguru. Mwishoni Mama Shija akakata shauri: iwe fupi, kimo cha kigoda, na wanawake waendelee kuanika. Sikuipenda, lakini yeye ndiye mwenye chumba. Katika alasiri nzima ile, watu wote tuliokaa pale, watoto wa nchi kavu, tunaoamka na kulala tukiitafuta mvua mbinguni, hakuna hata mmoja aliyetaja maji. Nikiwasimulia vijana wangu wa karakana leo hawaamini. Lakini mvua ilikuwa imepita miezi mingi, na ile ya mwaka uliotangulia ilijaza mto siku chache ikakatika. Kwetu mvua ilikuwa kitu cha kuombea shamba. Haikutuingia akilini kama kitu kinachoangukia paa.

Tukaanza. Kutoboa zege si kazi ya seremala, nikaijua siku ile. Nilipiga tindo mpaka viganja vikachubuka, vijana wa kijiji wakanipokea, nikawapokea, na ndani Mama Shija alikuwa ametandaza magunia ili vipande visivunje sakafu. Tulipozikuta nondo tukazikata kwa msumeno wa chuma, taratibu, zikilia. Mbao za mninga alizifuata yeye mwenyewe Ushirombo kwa lori la watu, akarudi baada ya siku kadhaa amekaa juu yake, kilemba chekundu kwa vumbi, anaimba. Kioo alikipata Maganzo kwa mnunuzi mmoja wa almasi ambaye Mama Shija aliwahi kumzalisha mkewe: kioo kizito chenye waya ndani yake, kilichotoka kwenye jengo lililobomolewa. Alisafiri nacho amekikumbatia, kimefungwa ndani ya godoro. Mimi nikatengeneza fremu. Fikirieni sanduku lisilo na kitako wala mfuniko, limekaa kulizunguka tundu, pembe zake nimezikata meno yanayoumana, limefungwa kwenye zege kwa boliti, na kioo kimekaa juu yake. Mbao ile ya mninga ilikuwa nzuri, nyekundu, ikirandwa inanukia. Nikaipaka mafuta. Nilikuwa naona fahari mno.

Siku tuliyoweka kioo nilishuka nikaingia ndani kwa mara ya kwanza bila tochi. Mwanga ulikuwa umeangukia kitanda sawasawa, mweupe, mtulivu, na kuta ambazo hakuna aliyewahi kuziona zilikuwa na alama za magunia ya pamba. Mama Shija alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, peke yake. Alikuwa ameinyoosha mikono yake mapajani anaitazama, anaigeuza viganja juu, anaigeuza tena. Nikamwuliza kama kuna kitu. "Nimezalisha gizani miezi yote hii," akasema, "sikujua kama ninakosea kushika sindano." Akaichukua, akashika kitambaa, akakaa pale kujizoeza kushona upya kama mwanafunzi, mtu aliyekuwa akijisifu kijiji kizima. Wanawake wakaja kutazama kwa zamu. Nyanzobe alikuja mwisho. Alisimama chini ya kile kioo akiangalia juu muda mrefu, mkono tumboni, halafu akatabasamu. Tangu nifike sikuwa nimemwona akitabasamu.

Mvua ya kwanza ikaja alasiri moja bila hata ngurumo ya kutosha. Watu walitoka nje wakaelekeza nyuso juu, wazee wakapiga vigelegele pamoja na wanawake, watoto wakavua nguo wakakimbia. Mimi nilicheza mpaka kandambili moja ikapotea. Kisha nikamsikia Mama Shija akiniita, na sauti haikuwa ya furaha. Maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye kioo pande zote nne juu ya kitanda, si matone, ni maporomoko, mekundu, na ndani yake vipande vya michembe. Godoro lilikuwa limelowa, sanduku la vifaa vyake lilikuwa linaelea. Nikapanda ngazi. Paa lilikuwa limegeuka bwawa. Yale matundu ya kutolea maji kwenye ukuta mfupi yalikuwa yamezibwa na maganda ya viazi, majani ya kunde na vumbi la miezi, vimegandamana vikawa kama udongo wa kufinyangia, na maji yalikuwa yamepanda mpaka yakapita juu ya fremu yangu ya kimo cha kigoda. Bibi Holo alikuja nyuma yangu, kaniki yake imelowa. Alipoona, alipiga magoti ndani ya maji akaanza kuchimba matundu kwa vidole, bila neno, na wenzake wakamfuata. Mama Shija alikuwa amepanda naye. Alisimama pale mvua ikimpiga, akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Mimi ndiye niliyekata shauri. Hakuna atakayemlaumu mwingine." Halafu akacheka, akasema, "Mnaniona? Mwaka mzima naomba mvua, na nimesahau kuwa italowesha." Halafu akaacha kucheka, akaufunika uso kwa mikono. Nilimhurumia sana.

Tulijua la kufanya. Fremu inyanyuliwe juu, ipite magoti, tena upande mmoja uzidi mwingine ili kioo kilale mteremko, na pale mbao inapokutana na zege ifungwe vizuri isipenyeze hata tone. Lakini mbao zilikuwa zimekwisha. Malori ya Ushirombo yalikuwa yameshaanza kukwama njiani, na yule bwana wa mjini, aliyechelewa mpaka mvua zikamtangulia, alikuwa anatazamiwa wakati wowote. Nyanzobe miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Asubuhi moja nikiwa bado nahesabu vipande vya mabaki nikasikia magurudumu. Alikuwa Bibi Holo, ng'ombe wawili, na mkokoteni wake. Akafungua ng'ombe, akawafukuza waende malishoni, akaugonga ule mkokoteni kwa kiganja. "Mwangaluka, fundi," akaniamkia kwa Kisukuma. "Hizi ni mbao au si mbao?" Nikasema ni mbao, bibi, tena za mninga mkavu, pana. "Basi zing'oe." Mama Shija alitoka mbio, mkono mmoja bado una sabuni. Akamwambia, mama, usifanye hivyo, huu ndio mkokoteni pekee kijijini wenye magurudumu mazima. "Ukiuvunja, na mimi nikashindwa kule ndani, mkweo tutambeba na nini?" Bibi Holo hakupandisha sauti. "Mkokoteni huu nimeukalia na maiti ya mjukuu wangu mapajani, kutoka mtoni mpaka hapa. Huyu binti alikuwa amelala nyuma yangu, ananiuliza kama mtoto amelala. Siupandi tena, naye simpandishi. Ukishindwa, umeshindwa. Lakini utashindwa ukiwa unaona." Mama Shija akanitazama, mimi nikatazama chini. Kisha akaniambia, "Fundi, chukua nyundo." Sijawahi kuona watu wawili wakibeba jambo zito namna ile wamesimama tu wakitazamana. Nilikuwa kijana, na tangu siku ile ujinga fulani wa ujana ulinitoka.

Nikazing'oa. Ubao mmoja ulikuwa na doa ambalo randa haikulitoa, Bibi Holo akaniambia niuache, niugeuzie ndani ya fremu. Nikaugeuza. Nilipanga mbao mbili mbili, moja juu ya nyingine, nikaziunganisha kwa ulimi na mfereji, ukingo wa ubao huu ukiingia ndani ya ule, ili mwanga usipite katikati, sembuse maji. Chini, kuzunguka fremu yote, nikaweka mbao nyembamba za pembetatu ili kona isiwe kali. Tukachemsha lami kwenye debe, tukachovya magunia ya katani, tukayalaza kuanzia kwenye zege, yakapanda juu ya ile pembetatu, yakapanda ubavu wa fremu mpaka karibu na kioo, tabaka juu ya tabaka. Wanawake ndio walioyashika magunia yale ya moto kwa vijiti huku wakikohoa. Juu nikapigilia mabati ya debe yaliyonyooshwa, yakafunika mwisho wa magunia. Walikuwa wamelifagia paa lote, na kuanika wakakubaliana kuwe upande mmoja tu, mbali na matundu. Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, nimeezeka makanisa, nimetengeneza meza za wakubwa. Leo vijana wanabandika kioo cha plastiki kwa gundi ya bomba, wanaita kazi, mwaka wa pili kinavuja. Sanduku lile la mkokoteni naliweka mbele ya kazi zangu zote.

Nyanzobe alishikwa uchungu asubuhi ya mvua kubwa kuliko zote za mwaka ule, kabla yule bwana wa mjini hajarudi. Mto ulikuwa umeshakata barabara. Mama Shija alimwingiza ndani akafunga mlango. Mimi nilikuwa barazani, nikamwona Bibi Holo anakwenda kwenye ngazi. Nikamwambia, bibi, si tulikubaliana hakuna kupanda? Akasema, "Matundu nani atayaangalia?" Nikamfuata. Mvua ilipiga mpaka hatukuonana vizuri. Yeye alikwenda kwenye matundu, mimi nikapiga magoti nimekipa kioo mgongo, nikawa napapasa kwa vidole kuizunguka fremu, pale chini kwenye kona, nikitafuta ufa, nikitafuta mahali maji yanapoingia. Upepo ulileta majani ya miti yakaziba, Bibi Holo akayatoa. Yakaziba tena, akayatoa tena. Maji yalipanda yakafika kwenye pembetatu, yakaipita, yakapanda ubavu wa magunia ya lami mpaka nusu ya mbao, yakaishia pale. Sikusikia tone likidondoka ndani. Nilisikia sauti ya Nyanzobe kupitia kioo, nikamsikia Mama Shija akimwambia yupo, haendi popote. Bibi Holo alikuja akasimama karibu na mimi, naye amekipa kioo mgongo, heshima ya ukwe haimruhusu kugeuka. Nilitaka kumshika mkono nikaogopa.

Halafu mtoto akalia. Kilio kile kilipanda kikapita kwenye kioo na kwenye mvua, kikali, chenye nguvu, kisicho na shaka. Mimi nilianza kucheka kama mwehu. Nikamgeukia Bibi Holo nikitegemea apige kigelegele, aulize ni wa kike au wa kiume, mjukuu wake wa kwanza aliye hai. Hakuuliza. Uso wake ulikuwa umekaza, anasikiliza kitu kingine, maana sauti ya mama yake mtoto ilikuwa imenyamaza. Bila kugeuka, akapaza sauti juu ya mvua.

"Nyanzobe je? Mama Shija, mwanangu je?"

Mvua ikazidi kupiga kioo. Kisha chini ya miguu yetu Mama Shija akajibu kwa ile sauti yake kubwa, ya kugombana na wenye mbuzi.

"Amechanika, damu ilitoka nyingi. Nimepata mahali inapotokea, nimeifunga. Sasa namshona. Tulieni huko juu, msinikalie mwanga. Namwona vizuri."

Bibi Holo akakaa chini palepale, ndani ya maji, akaegemeza mgongo kwenye mbao za mkokoteni wake, na akalia kwa sauti mpaka mvua ikapungua.